Wameanguka Kwake

Kinyago kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Mwalimu mkuu alikipokea kwa mikono miwili, kama anayepakatishwa mtoto wa mwenzake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Geuka wakuone, mama!" Ofisa Elimu alinguruma kwenye kipaza sauti. "Shule ya mwisho kati ya themanini na sita. Kikae ofisini kwako mpaka uone haya."

Akageuka. Safu ya mbele alikaa yule waliyembandika jina la Asilimia, mkuu wa shule ya kwanza, kombe mapajani. Watoto wake wote walifaulu. Wote kabisa. Wale ishirini na mmoja waliokuwa bado wanasoma kwa kudonoa herufi alimsukumia huyu mwenye kinyago wiki moja kabla usajili wa mtihani haujafungwa, kila mmoja na barua yenye muhuri: mzazi amehama. Hakuna mzazi aliyehamisha hata kigoda. Wakafanya mtihani kwake, wakaanguka kwake, wakahesabiwa kwake.

"Mheshimiwa, kuhusu hao watoto wa uhamisho..."

"Visingizio hivyo! Mwakani ukishika mkia tena nakuvua ukuu, urudi kula vumbi la chaki. Kaa!"

Walipotoka nje Asilimia akamfuata mbio mbio.

"Pole, dada yangu. Usiweke moyoni." Akachomoa bahasha ya barua za uhamisho. "Mwaka huu wako ishirini na watano. Saini tu."

"Hivi wewe una roho ya mtu kweli?"

"Ninayo, na inataka kula. Nikitoka kumi bora unajua watanitupa wapi?"

"Nikikataa?"

"Kwangu nimeshawafuta. Usajili unafungwa leo saa kumi. Ukikataa hawana shule, hawana mtihani. Shauri lako."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Simu ya mwalimu mkuu ikaita. Msaidizi wake, kutoka shuleni.

"Mwalimu, kuna watoto wamefika hapa, wengi, na madaftari yao. Wanasema wameambiwa hapa ndipo kwao."

"Wako wapi sasa?"

"Uwanjani, wanafagia. Hakuna aliyewatuma. Nadhani wanaona wakifagia vizuri tutawapokea."

Akakata simu. Asilimia alimwekea kalamu mkononi, akageuka, akainama, akampa mgongo wake uwe meza.

"Haya dada, andika. Usikandamize sana, koti jipya hili."