Kipande cha Roketi Juu ya Kharumwa

Kila jioni, anga ya Kharumwa ikiwa safi, Nestory alitoka uani na daftari lake kusubiri kipande cha roketi iliyokwisha kazi, kinachoizunguka dunia kikijipindua na kumeta kila baada ya sekunde tisa. Leo Mama Noela, mjane wa Tarsisi aliyekuwa mchimbaji mwenzake Nestory, alisimama kando yake. Kikameta mara saba, kikapotea katikati ya anga.

“Kimezimika?”

“Hapana, shemeji. Kimeingia tu kwenye kivuli cha dunia. Bado kipo.”

“Na Tarsisi je? Duara lile, shimo lenu la dhahabu, lilipomfukia, mlituambia ameacha kugonga, ndiyo maana mkaondoka.”

Nestory akalifunga daftari. Kurasa za mwanzo za daftari lile zilijaa mapigo ya nyundo ya Tarsisi kutoka chini, saa kwa saa, na hakuna mahali alipoandika kwamba yalikoma.