Nondo za Posta ya Zamani

Nyumba waliyoishi mshonaji na mama yake iliwahi kuwa posta ya kwanza ya wilaya ile. Mama aliajiriwa humo tangu usichana, akipanga barua nyuma ya kaunta, na posta ilipohamia kwenye jengo jipya akauziwa lile la zamani. Lilikuwa la ghorofa moja, la mawe na chokaa, lenye nondo katika kila dirisha, chini na juu, ili wezi wasiguse vifurushi vya watu.

Miaka saba kabla ya haya, afisa wa mambo ya kale alikuja akapigilia kibao mlangoni: jengo hili linalindwa kwa sheria. Watu walimwita Bwana Kibao. Katika wilaya nzima ya mashamba na vilima alikuwa peke yake, yeye na pikipiki yake, na majengo arobaini na moja ya kulinda. Siku ile Mama alifurahi mpaka akavaa gauni lake la kutokea. Hakujua kwamba tangu saa ile hata msumari ungehitaji kibali.

Kisha kiharusi kikampiga Mama, miguu ikafa. Akawa wa kulala tu chumbani juu, maana chini kulikuwa na unyevu na kifua chake hakikuuweza. Kuhama alikataa katakata. "Nimekaa humu miaka arobaini," alisema. "Mnihamishie wapi, kwenye kibanda cha kuku?"

Ufa ulianza kwenye ukuta uliobeba ngazi. Mwaka wa kwanza uliingia wembe, mwaka wa pili kidole. Mjomba, mdogo wake Mama na mwashi tangu ujana, aliuangalia akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ukuta huu unataka kuegemezwa kwa mirunda leo, si kesho. Na dirisha la mama yako tuling'oe nondo. Ngazi ikigoma, atatokea wapi?"

Mshonaji akaandika barua ya kuomba kibali. Akaandika ya pili, na ya tatu. Makao makuu wakajibu kwamba watatuma mtaalamu. Mtaalamu hakutokea. Mjomba akachoka kungoja, akaja na mirunda sita akaikita chini ya ngazi. Hata juma halikuisha, Bwana Kibao akafika.

"Iondoe, mzee wangu. Nikikuachia wewe, nitamzuia nani?"

Wakaiondoa.

Mvua za mwaka ule zilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano mshonaji alitia mkono kwenye ufa, ukazama mpaka kwenye kifundo, na vidoleni akahisi upepo wa nje. Akamwita Mjomba aje akae na mgonjwa. Yeye akajitupia kanga kichwani, mbio mpaka ofisini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la wilaya. Bwana Kibao alikuwa akikinga kwa ndoo maji yaliyovuja kutoka darini, mafaili ameyarundika juu ya kiti.

"Nikupigie magoti?" mshonaji alisema, hata salamu hakutoa. "Niambie tu. Kama ni magoti, napiga hapa hapa."

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Mkono wangu umeingia ukutani. Mama yangu yuko juu."

Bwana Kibao akafungua faili, akamsukumia nakala za barua. Tano, zote za kuiombea nyumba ile, zote zimesainiwa na yeye. "Unadhani nimekaa tu? Mwaka juzi kuna watu niliwaruhusu kuegesha mirunda kwenye mahakama ya zamani. Niliporudi, mahakama haipo, pamejengwa maduka. Nikapewa onyo la mwisho. Nikikosea tena, ndiyo basi."

"Kwa hiyo Mama afe ili wewe usipewe barua?"

Simu ya mshonaji ikalia. Alikuwa Mjomba.

"Ngazi imeshuka. Mimi nilitoka kuchota maji tu, mwanangu, maji tu. Mama yako yuko juu."

Walikimbia wote wawili. Pikipiki hakuna aliyeikumbuka.

Ndani, ngazi na nusu ya ukuta vilikuwa rundo la mawe, na vumbi lilitoka mlangoni kama moshi. Mjomba alikwisha kuegesha ngazi ya mbao kwenye dirisha la juu, yuko kileleni anakata nondo kwa msumeno wa chuma. Zilikuwa nane, kila moja nene kama kidole gumba. Msumeno ulikuwa umekwaruza ya kwanza, basi.

"Mama!" mshonaji akaita.

"Nipo," sauti ikatoka juu, ya kawaida kabisa. "Kitanda kinateleza. Mwambie mjomba wako aache kelele."

Mshonaji akashika ukuta, kisha akauachia haraka kama umemuunguza.

Bwana Kibao alikuwa akitazama juu ya dirisha, mahali mchanga ulipokuwa ukichuruzika. "Shuka, mzee," akasema. "Kwa msumeno hatufiki. Hizo nondo zimechimbiwa kwenye fremu. Tuing'oe fremu nzima."

Mjomba akashuka, akamwangalia. "Na kibali?"

"Nipe sururu."

Akapanda. Majengo yale aliyajua kama mtu anavyoijua nyumba ya mama yake. Alijua chokaa ya chini ya kizingiti ndiyo iliyolowa zaidi, akaanzia hapo. Alipiga huku analia waziwazi, na kila jiwe lililoanguka aliliambia kwa kunong'ona, "samahani, samahani." Fremu ilipolegea, Mjomba na majirani wawili waliivuta kwa kamba, ikaja chini na nondo zake zote.

Mshonaji akapita kwenye tundu. Sakafu ilikuwa imeinama upande wa ngazi, na kitanda kimekwama kwenye kabati. Akamfunga Mama kwa shuka mbili, mafundo ya mtu aliyezoea nguo nzito, wakamteremsha taratibu. Alikuwa mwepesi mno. Mshonaji alipogusa ardhi, Bwana Kibao alimshika mkono akamburuta. Hawajavuka barabara, posta ikaketi chini, ukuta baada ya ukuta, na cherehani ya mshonaji ndani.

Kamati ya mambo ya kale ilikaa mwezi uliofuata. Walitaka mshonaji asaini kwamba ni yeye na mjomba wake waliovunja dirisha na kuangusha jengo. Alikataa. Bwana Kibao akasimama, akasema ni yeye, kwa mkono wake, na angefanya tena. Wakamwachisha kazi siku hiyo hiyo.

Alikuja kuaga kwenye chumba cha Mjomba, walikojibana wote watatu. Alisimama mlangoni.

"Dada, ile mirunda..."

"Usiseme."

"Ningeiacha, labda—"

"Nimekwambia usiseme." Mshonaji hakuinua macho. Alitaka kumchukia, hakuweza. Alitaka kumshukuru, hilo nalo likamshinda. Aliposikia hatua zake zimepotea, ndipo alipofunika uso.

Majuma matatu baadaye, Mama aliomba apelekwe akaione posta yake. Wakamlaza kwenye mkokoteni juu ya godoro, Mjomba akasukuma, mshonaji akashika mwavuli wa jua. Mawe yalikuwa bado hapo, nyasi zimeanza kuota katikati. Mama alitazama kutoka kona hii mpaka ile, kwa muda mrefu.

"Kumbe ilikuwa ndogo hivi," akasema.

Kisha akageuza uso upande wa pili, akaomba arudishwe.