Ubavu Uliobaki Mweupe

Fundi rangi alisugua kucha zake kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikamwasha, na bado buluu haikutoka. Ilikuwa buluu ya bendera. Tangu mataifa makubwa yaanze kuchinjana, miaka miwili sasa, kazi yake bandarini ilikuwa moja tu: kuchora bendera ya nchi kwenye mbavu za meli za mizigo, kubwa kama ukuta wa nyumba, ili nyambizi zijue kwamba hawa ni watu wasio na ugomvi na mtu, ziwaache wapite. Wenzake wakamwita Hirizi. Alilipenda jina hilo, mpaka Jumatatu.

Jumatatu ilizamishwa meli ya ngano, wakafa watu thelathini na mmoja. Mpishi wa meli hiyo alikuwa shemeji wa fundi, mume wa dada yake mdogo. Leo ilikuwa Ijumaa, na mji mzima ulikuwa umepandwa na mori. "Wameiona bendera yetu, na bado wakapiga!" Ndiyo kauli iliyokuwa midomoni mwa wauza magazeti, walimu na wabunge. Saa nane mchana Bunge lingepiga kura, nchi iingie vitani au ibaki nje.

"Wakipitisha tu, saa hiyohiyo niko kwenye foleni ya jeshi pale posta," alisema mwanawe akifunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka ishirini, fundi saa, na mkono wake haukuwahi kushika kitu kizito kuliko bisibisi. "Shangazi, damu ya mumeo haitapotea bure."

Shangazi mtu akamshika kichwa, akalia. Kijana akatoka kwenda kazini. Fundi akaketi, akainuka, akaketi tena, chai ikapoa mbele yake.

"Kaka, hebu tulia. Unanitia kizunguzungu."

Atulie vipi, jamani? Meli huchorwa upande wa majini kwanza. Ubavu unaoegemea gati hauna nafasi hata ya kuteremsha ubao wa kukalia, kwa hiyo hungojwa mpaka meli igeuzwe. Ile ya ngano haikugeuzwa. Ubavu wake wa kulia ulikuwa na mraba wa rangi nyeupe ya kwanza, uliopakwa kabla meli haijaegeshwa gatini, basi. Nahodha alikuwa na haraka. "Tutamalizia ikirudi," alisema msimamizi wa kazi, akamsogezea fundi karatasi inayosema kazi imekamilika. Fundi akatia sahihi. Alikuwa amechoka, na isitoshe, lini nyambizi iliwahi kumgusa mtu wao? Kisha manusura watano wakaletwa ufukweni, wakasema pigo lilitoka kulia.

Saa nne aliitwa mbele ya tume iliyochunguza kuzama kwa meli, katika chumba cha juu cha ofisi ya bandari. Mwenyekiti, mzee wa miwani minene, alikuwa na ile karatasi mkononi.

"Hii sahihi ni yako, fundi?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Na bendera ilikuwepo pande zote mbili."

Hakuuliza, alikuwa anasoma tu. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi kama kukohoa. Akilini fundi alimwona mwanawe na bunduki begani.

"Hapana. Ulichorwa upande mmoja. Nilisaini uongo."

Kalamu ya karani ikasimama. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Unadhani tunaingia vitani kwa sababu ya rangi yako?" alisema, bila ukali. "Makaa ya mawe yamebaki ya wiki tatu. Nchi inayotuuzia, nayo imo vitani, imesema wazi kwamba rafiki asiyepigana si rafiki. Mwaka mzima serikali inatafuta namna ya kuwaambia wananchi, na wananchi hawataki kufia makaa. Sasa wamepata watu wao wa kuwalilia."

"Basi waambieni ukweli huo, mheshimiwa. Mimi nina mtoto mmoja."

"Mimi nina watatu." Akamgeukia karani. "Andika alivyosema. Ripoti itafika Bungeni Jumatatu."

"Lakini kura ni leo!"

"Ndiyo. Ni leo."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akikosea njia aliyoipita miaka ishirini. Alikuwa ameamua kunyamaza. Kumbe alipomkuta dada yake anakunja mashati ya marehemu, mdomo ulifunguka wenyewe, akasema yote akiwa amesimama mlangoni.

Dada aliendelea kukunja. Kisha akauliza, "Upande gani haukuchorwa?"

"Wa kulia."

"Jiko lilikuwa huko."

"Najua. Siku ile alinipa chai kupitia dirisha lake."

Akaliweka shati chini. Fundi alingoja matusi, alingoja kofi, na angeshukuru kwa lolote. Saa nane na robo honi za meli zote bandarini zikalia kwa pamoja, vioo vya madirisha vikatetemeka, na barabarani watu wakaanza kushangilia: vita vimepitishwa.

"Usinitazame mimi," dada alisema. "Sijui nitakusamehe lini. Mkimbilie mwanao."

Alikimbia kama mwizi. Foleni ya jeshi ilikuwa tayari imezunguka jengo la posta mara mbili, vijana wakitaniana na kupigana makonzi. Mwanawe alikuwa wa tisa kutoka mezani. Fundi alimshika mkono, akamweleza kwa sauti ya chini, kisha, alipoona haeleweki, kwa sauti ya juu: mraba mweupe, sahihi, makaa ya mawe, yote. Vicheko vikakatika. Vijana wa karibu wakawa wanatazama viatu vyao.

"Baba," kijana alisema polepole, uso umemwiva, "unataka kuniambia mume wa shangazi amekufa bure?"

Fundi akaukaza mkono wa mwanawe.

"Anayefuata!" aliita askari wa mezani.

Foleni ikasogea hatua moja. Kijana akautoa mkono wake mkononi mwa baba yake, taratibu, bila hasira, akasogea nayo.