Mwenzake Twyla wa Chooni

Kwanza tuelewane: Delphine Kubicek hakuwa na shida ya mahali pa kujisaidia. Kibofu chake kilikuwa kizima, na ng'ambo ya barabara lilikuwepo duka la donati la Mama Sokha, Mkambodia mwenye moyo mpana na choo kimoja kisafi. Kilichomkereketa Delphine si mkojo. Ni wivu.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mwembamba, nywele za dhahabu alizozitengeneza kila asubuhi kama anakwenda kupigwa picha, na sauti ya upole ya mtu anayefundisha watoto kanisani. Alipozaliwa, daktari aliandika mvulana. Delphine alimsahihisha daktari yule alipofika miaka ishirini na miwili, na ule mji wao mdogo wa Texas ukanung'unika weee, ukachoka, ukahamia kwenye mambo mengine. Sasa ulikuwa mwaka wa saba anakaa dirisha namba tatu katika jengo la kaunti, akitoa namba za magari. Dirisha namba nne alikaa Twyla Garza, na wawili hao walikuwa chanda na pete.

Kama unawajua wanawake wa ofisi za huko, unajua hawaendi chooni mmoja mmoja. Kila siku saa nne na robo Twyla aligonga kioo kwa kucha, mara mbili, Delphine akageuza kibao cha kuwaambia wateja wasubiri, wakaondoka. Mle ndani ndimo lilimokaa bunge lao. Ndimo Twyla alimolia siku mumewe alipohamia mji wa Lubbock na daktari wa meno. Ndimo walimoamua nani aalikwe Krismasi na nani aambiwe viti vimejaa. Haja ndogo ilikuwa kisingizio tu, na siku nyingine waliisahau kabisa, wakarudi nayo.

Kisha wakubwa wa jimbo wakapitisha sheria: ndani ya jengo la serikali, kila mtu aingie choo cha kile alichoandikwa siku aliyozaliwa, na ofisi itakayofumba macho itozwe faini. Ilipoanza kazi mwezi wa Desemba, meneja wao, Bwana Pruitt, alimwita Delphine akamsomea karatasi huku akivitazama viatu vyake mwenyewe. Akasema choo cha wanaume kiko wazi kwake. Delphine akamuuliza kama amewahi kukinusa. Bwana Pruitt akakiri kwamba hukinusa kila siku ya Mungu, na kwamba hamlaumu.

Hapo ndipo zilipoanza donati. Mama Sokha hakumdai anunue kitu, ila Delphine ana haya. Hawezi kuingia kwa mtu, akatumia choo chake, akatoka mikono mitupu. Kila safari ilirudi na boksi. Kufika Februari idara nzima ilikuwa imenenepeshwa na sheria. Mzee Earl wa dirisha la kwanza akimwona anakunywa maji alimhimiza aongeze glasi, kwa sababu leo yeye anatamani ya chokoleti.

Delphine alicheka naye. Angeyacheka yote, kama si Brenna.

Brenna Stoltz aliletwa dirisha la tano mwezi wa Januari. Mrefu kama nguzo ya umeme, mabega ya mwogeleaji, na kweli aliogelea chuoni, nywele amezikata zikaishia masikioni, usoni hapaki hata wanja. Alitoka Ohio, kwa watu wanaotia maharage bila kuona aibu kwenye chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili ambao Texas ni mwiko kuutia maharage. Wiki yake ya kwanza Twyla aligonga kioo cha Delphine kwa mazoea, akakumbuka, akaona soni, akageukia upande wa pili akagonga cha Brenna. Tangu hapo, kila saa nne na robo, Delphine alizisikia kucha zikigonga kioo kisicho chake.

Walikwenda wawili, wakarudi wanacheka. Twyla hakuwa na roho mbaya. Akishaketi alimsimulia Delphine kilichosemwa huko. Lakini ilikuwa kama kula kiporo. Nyama ipo, chumvi ipo, na bado unajua wenzako walikula kikiwa cha moto.

Machi ikabandikwa ukutani karatasi ya mashindano ya kaunti ya kupika chili, watu wawili kila timu. Miaka sita mfululizo walipika Twyla na Delphine, na mara mbili walishika nafasi ya pili. Safari hii karatasi ilisema Twyla Garza na Brenna Stoltz.

Delphine aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mungu wangu, shosti," Twyla akasema, mkono kifuani. "Tulikuwa tunapiga soga tu kule chooni, tukajikuta tumeshaamua. Mimi nilidhani ulikuwepo."

Afadhali angemficha. Mtu akikuficha, walau amekufikiria. Delphine akarudi dirishani pake, na kuanzia siku hiyo alimchukia Brenna hadi namna anavyofunga kamba za viatu.

Kesho yake saa nne na robo kucha zikagonga, wawili wakaenda. Muda si mrefu, bibi mmoja, Oveta Haskell, aliyekuja kulipia namba ya gari lake, akatoka chooni mkoba umebanwa kwapani, macho yamemtoka, moja kwa moja mpaka dirisha namba tatu.

"Binti yangu," akanong'ona, "wewe ni mwanamke, utanielewa. Kuna dume mle ndani. Refu, mabega hivi. Limesimama linanawa mikono kama limo kwake."

Delphine alijua papo hapo. Jibu lilikuwa fupi: bibi, huyo ni Brenna, mzaliwa wa Ohio, mwanamke. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mkono wake ukafungua mtoto wa meza ukatoa fomu ya malalamiko. Ni kazi yangu, akajiambia, mwananchi ana haki ya kulalamika. Bi Oveta akaomba kalamu. Delphine akamchagulia ile inayoandika vizuri.

Dakika nzima alikaa akisoma maandishi yale juu chini, mrefu, nywele fupi, mabega, na kwa dakika hiyo nzima alisikia raha ambayo hataki kuikumbuka.

Bi Oveta hakungoja wino ukauke. Alimpungia Dub, askari wa mlangoni, na Dub akajikokota hadi kwenye ujia wakati Twyla na Brenna wanatoka. Akamsimamisha Brenna, akaomba kitambulisho. Brenna akawa mwekundu hadi shingoni. Akapapasa mifuko, akakumbuka kitambulisho kiko mezani, akasema, "Mimi ni mwanamke," kisha akasema tena, kwa sauti ndogo inayoomba radhi kwa kuwapo. Delphine aliijua sauti ile. Aliwahi kuitumia benki, akiwa na miaka ishirini na miwili, foleni nzima inamsikiliza.

Akasimama.

"Dub, mwache. Bi Oveta, huyo ni mwanamke tangu tumboni mwa mama yake. Unayemtafuta ni mimi."

Akatoka nyuma ya dirisha lake.

"Mimi ndiye niliyeandikwa mvulana. Na mle sijatia mguu tangu Desemba. Navuka barabara, naenda kwa Mama Sokha, ndiyo maana Earl yuko vile."

Mzee Earl, mdomo umejaa, akainua mkono kushuhudia.

Bi Oveta alimtazama Delphine kuanzia nywele, akashuka, akapanda tena. "Wewe?" akasema. "Lakini wewe unavaa vizuri."

"Asante, mama."

Bibi akaikunja fomu, akaitia mkobani, akasema sasa hata hajui amtazame nani na amwache nani. Akaondoka bila namba yake.

Brenna alijikaza mpaka mlango wa nje ulipofungwa, ndipo akaangua kilio. Twyla akamkumbatia, akamrudisha chooni akanawe uso. Delphine akawafuata kwa miguu iliyozoea, akasimama pale zulia la ujia linapoishia na vigae vyeupe vinapoanzia. Mlango ukajifunga. Akasikia maji yakitiririka. Akasikia Twyla akisema kitu, na Brenna akicheka kwa pua iliyojaa kamasi.

Mlango ukafunguka. Twyla aliuzuia kwa mguu.

"Shosti, huyu hakusikia hata neno, alikuwa anakufa pale. Hebu anzia mwanzo. Eti bibi alisema wewe unavaa nini?"

Delphine akasogeza vidole vya miguu hadi ukingoni mwa zulia, akaanza. Alimwongezea Bi Oveta ukubwa wa mkoba. Dub alimpunguzia mwendo. Mambo ya mtoto wa meza na kalamu nzuri aliyaruka, wala hakuna aliyeuliza fomu ilitoka wapi. Brenna alicheka mpaka akajipandisha akakaa kwenye marumaru kando ya sinki, mahali alipokaa Delphine miaka yote ile, akining'iniza miguu yake mirefu. Delphine aliitazama miguu ile ikibembea, akamwonea wivu hivyo hivyo huku akiendelea kumchekesha.