Malkia Ndani ya Arobaini

Siku ile niligombana na watu wawili kabla ya adhuhuri, na mmoja wao alikuwa mimi mwenyewe. Wa kwanza ni Bi Asumini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale Korogwe, aliyekuja asubuhi na kikapu cha ndizi akisema anataka kumwona mjukuu wangu, dakika moja tu. Binti yangu Mwanakombo alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, na nyumbani kwetu, tangu enzi za marehemu mama yangu, chumba cha mzazi hakiingiwi na mgeni mpaka arobaini itimie. Nikasimama mlangoni, nikaujaza mlango wote maana mwili ninao, nikamwambia, "Mzazi hachunguliwi, mwenzangu. Arobaini ikitimia nitakuita mwenyewe, na pilau utakula." Akasonya, akaacha kikapu na ndizi zake, akaenda zake. Nami nikageuka nikiwa nimevimba kichwa, nikaenda moja kwa moja kabatini kumchungulia malkia wangu.

Msicheke, nitawaeleza. Miaka thelathini nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana, naosha vioo na kupanga chupa, na mwalimu wa baiolojia, Bwana Mhando, ndiye aliyenitia wazimu huu wa kufuga chungu, jamaa za sisimizi. Alinifundisha kwamba mvua ya kwanza ikinyesha, chungu majike wenye mabawa huruka kwenda kuolewa angani, kisha kila mmoja hushuka peke yake, huyakata mabawa yake mwenyewe na kutafuta shimo la kuanzishia jamii. Ukimwokota huyo, unamtia katika kichupa kirefu cha kioo, maji kidogo nyuma ya pamba, pamba nyingine mlangoni, unamweka gizani na kumwacha. Kumwacha! Neno lenyewe ni jepesi kutamka. Tangu nistaafu mikono yangu imekosa kazi, na roho yangu imekuwa na hamu moja tu, kuona watu elfu wakianza kwa mama mmoja, humu humu nyumbani kwangu. Mwaka juzi nilijaribu, malkia akala mayai yake yote na kufa. Mwaka jana vilevile. Huyu wa tatu nilimwokota barazani siku ileile mtoto alipozaliwa, tuliporudi kutoka hospitali, mweusi, mnene, anahangaika juu ya saruji iliyolowa. Bi Asumini alisema ni kumbikumbi, nimkaange. Nikamwambia kumbikumbi ni mchwa, huyu ni chungu, tena ni malkia, na kwa mwaka huo hapakuwa na mwingine, maana siku ya kuruka kwao ilikwisha pita.

Basi nikafungua kabati, kama nilivyolifungua alfajiri, na kama nilivyolifungua jana mara tano. Nilitoa kile kichupa, nikakiinua dirishani kwenye mwanga, nikavaa miwani. Jana mayai yalikuwa tisa. Sasa yalikuwa manne, na malkia alikuwa na kitu cheupe mdomoni. Nikachovya kijiti kwenye maji ya sukari nikampenyezea, nikidhani ni njaa, akakimbia mpaka mwisho wa kioo. Mwanakombo akanisikia nikilia, akauliza kutoka chumbani, "Mama, kuna nini tena huko?" Nikamjibu hakuna kitu, nikafunga kabati kwa kishindo, nikajitukana kwa majina ambayo sitayaandika hapa, nikajilaza juu ya mkeka nikisikiliza mvua ikipiga mabati. Usingizi ukanichukua nikiwa bado nimenuna.

Nikaota nimesimama katika nchi ya udongo mwekundu uliotoka kulowa sasa hivi, na hewa yake inanukia kama yadi yetu baada ya mvua ya kwanza. Kila nilipokanyaga palikuwa na mabawa, mabawa maelfu, membamba, yanayong'aa, yametupwa chini na wenyewe wameondoka. Nikajipapasa mgongoni, nami ninayo mawili. Mbele yangu palikuwa na mwanamke wa makamo, kajifunga kibwebwe, tope limempanda mpaka viwikoni, anafinyanga ukuta kwa viganja. Hakuacha kazi kunisalimu. "Karibu," akasema, "lakini hayo mabawa yavue kwanza. Huku haingii mtu aliyejiwekea njia ya kuruka kurudi." Nikamwuliza yeye ni nani. Akasema, "Mimi ni Subira." Nikacheka kwa kweli, maana nilivyomdhania Subira ni bibi mmoja kakaa kwenye kiti, kapakata mikono, anangoja. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, hakukasirika. "Huyo aliyepakata mikono ni Uvivu, ndugu yangu. Watu wanatuchanganya kila siku. Mimi najenga ukuta, kisha nauacha usimame, na kule kuuacha ndiko kunakonichosha zaidi."

Nikayavua mabawa, na kuyavua kuliuma, sisemi uongo. Tukaenda pamoja katika njia iliyoshuka chini ya ardhi, na kadiri tulivyoshuka mwanga ulipungua na moyo wangu ulitulia, mpaka tulipofika njia panda tukawakuta dada wawili wameketi. Wa kwanza alikuwa na tochi mkononi na miguu haitulii, na jina lake Pupa. Wa pili alikuwa mwembamba, anahesabu vidole vyake, akimaliza anaanza upya, na jina lake Wasiwasi. Kilichonishtua ni mavazi yao. Walikuwa wamejitanda doti moja ya kanga, kila mmoja kipande chake, na ile doti ilikuwa yangu, ileile ya zambarau niliyolala nimejifunga. Wakanipokea kwa vifijo kama ndugu aliyekuwa safarini. "Shoga, umechelewa!" akasema Pupa. "Yuko hapo nyuma ya ukuta. Tunamulika kidogo tu, tunaona, tunazima." Naye Wasiwasi akanishika mkono, kiganja chake baridi, akaninong'oneza, "Na kama amekufa? Na kama ana njaa? Mama gani huyo unayemwacha bila hata tone la sukari?" Niseme ukweli, wenzangu, maneno yake yaliniingia. Aliyasema kwa huruma, tena kwa sauti niliyoizoea.

Subira hakuwafukuza. Alisema tu, "Nimewazoea hao. Wanakuja na kila anayependa kitu. Ila ujue, wao hawajali sana kitu chenyewe, wanataka kutulizwa wao." Akanivuta mbele hadi kwenye mlango mdogo wa udongo, umezibwa, na mbele yake mlinzi kasimama kaujaza wote. Uso wake sikuuona, lakini alipofungua kinywa nywele zilinisimama. "Mzazi hachunguliwi, mwenzangu," akasema, kwa sauti yangu mimi, kwa lafudhi yangu mimi, mpaka ule ukali ninaouweka mwishoni. Nikasema, "Sikuja kumchungulia mzazi, mama. Nimekuja kumwona malkia." Akajibu, "Mimi naitwa Staha, na humu ndani sijamlaza malkia yeyote. Nimemlaza mzazi, siku yake ya kumi na mbili."

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani, dhaifu, ya mtu anayebana nguvu zake. "Ninyi ndio mlionipa jina la umalkia," ikasema. "Malkia ana wajakazi, ana walinzi, hupokea wageni kila saa na hufurahi kutazamwa. Mimi nina nani? Nina kuta hizi na giza hili. Chakula changu ni ile misuli iliyokuwa ikirusha mabawa yangu. Naila taratibu kutoka ndani ya mwili wangu, nawalisha wanangu, na imepimwa itoshe mpaka mtoto wa kwanza asimame aniletee tonge. Sihitaji sukari yako. Nahitaji kuamini kwamba hakuna anayenijua nilipo." Nikapiga magoti pale mlangoni, nikalia, nikamwuliza kwa nini basi anawala wanawe. Kisha akasema, "Hilo siwezi kukueleza. Weka jicho lako uone."

Palikuwa na ufa mwembamba ukutani. Pupa akaniwekea tochi mkononi, Wasiwasi akanisukuma mgongo, nami nikaweka jicho. Na mara ile sikuwa nje tena. Nilikuwa ndani, kitandani, chumba kidogo cha joto, nimebeba kitu laini kifuani nisichokijua kama ni yai au mjukuu wangu, na nilikuwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu nimzae Mwanakombo. Halafu ukuta ukatikisika. Chumba kizima kikanyanyuliwa, mwanga ukaingia kama maji ya moto, na nyuma ya ukuta likatokea jicho moja kubwa kuliko nyumba, limepakwa wanja, linapepesa nyuma ya miwani. Jicho langu. Lilikuwa linanipenda, naapa, niliona linanipenda, lakini pale ndani mapenzi yake hayakuwa na sura tofauti na njaa. Nikasema moyoni, tumeonekana, tumekwisha. Nikakikumbatia kile kitu laini, nikatazama kushoto na kulia, hapakuwa na pa kukificha, isipokuwa mahali pamoja tu, kule kilikotoka, ndani ya mwili wangu. Nikafungua kinywa. Hapo ndipo kiganja chenye tope kilipoufunika ule ufa, taratibu, kutoka nje, na giza likarudi, na nikasikia Subira akilainisha udongo kwa kidole gumba, huku anaimba kwa chini wimbo ambao mama yangu alikuwa akiuimba alipokaa mlangoni kwangu, siku zangu arobaini, akiwarudisha watu.

"Hodi! Hodi humu ndani!" Nikazinduka, shavu limechorwa na mkeka. Mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa Bi Asumini, amerudi kuchukua kikapu chake, bado kavimba. Nilikaa pale sakafuni nikamtazama, na kila kitu kikanijia kwa pamoja, jinsi nilivyomwambia asubuhi na nilikokwenda baada ya kumwambia. Aibu ikanishika, lakini ilikuwa aibu tamu, ya mtu aliyeambiwa ukweli na asiyemchukia. Nikainuka, nikalifunga lile kabati kwa ufunguo bila kulichungulia, nikauchomoa, nikamtia Bi Asumini mkononi.

"Ufunguo wa nini?" akauliza.

"Wa kabati. Mle ndani kuna mzazi, wa siku moja na Mwanakombo. Nikija kuuomba huu ufunguo, usinipe. Nikikutukana, usinipe. Nikilia, ndiyo kabisa usinipe, mpaka arobaini itimie."

Akanitazama kama anayepima kama nina homa. Kisha akaufunga pembeni mwa kanga yake, mafundo mawili, akasema, "Bibi wewe, kukutesa kwa idhini yako mwenyewe? Mbona nimepata zawadi." Na kweli alinitesa. Siku ya kumi na tisa nilimwendea na mkungu wa ndizi, akala ndizi, ufunguo hakunipa. Siku ya thelathini nilimwambia nasikia harufu ya kuungua kabatini, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini yale maumivu ya kuacha, ambayo Subira aliniambia ndiyo kazi yenyewe, yalianza kuniacha polepole; nikawa napita mbele ya kabati lile nikimwombea aliyemo, kama nilivyopita mbele ya chumba cha binti yangu, nikafurahi tu kujua kwamba kuna watu wawili humu ndani wanaokamilika bila macho yangu.

Siku ya arobaini Mwanakombo alimtoa mtoto barazani, kavishwa nguo mpya, na pilau ikaliwa. Bi Asumini akambeba mjukuu wangu mpaka akatosheka, ndipo akafungua fundo la kanga. Tukaingia wawili, tukafungua mlango wa kabati kidogo, pazia limeshushwa, nami nikainama bila kugusa kitu. Alikuwa hai. Alikuwa amekonda, yule mnene wa barazani, na kando yake vijitu vitano vya rangi ya chai ya maziwa, vidogo kuliko punje ya ufuta, vilikuwa vinahangaika kumsafisha miguu. Na kimoja kilikuwa kimesimama mdomoni kwake, kinamlisha. Machozi yakanitoka, miwani ikaingia ukungu. Nikanyoosha mkono nikiinue kile kichupa, japo kidogo tu, nikione vizuri.

Bi Asumini akanipiga kofi mkononi.

"Mzazi hachunguliwi, mwenzangu," akasema, akafunga kabati.