Kirefu cha Nkj

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaisha. Mwaka mzima amesahihisha "xaxa" na "cjui", mpaka juzi mkono wake mwenyewe ukaandika "cjui" ubaoni, darasa likaangua kicheko. Shule nayo ikaja juu: kila neno lililokatwa, alama moja imekwenda na maji. Tangu hapo kalamu nyekundu hazikai.

Sasa mbele yake ilikuwa insha ya Mkato. Hilo ni jina la utani. Binti huyo aliweza kuandika sentensi nzima bila irabu hata moja. Akianguka safari hii anarudia darasa, na shangazi anayemlea ameshasema kurudia hakuna, atakaa nyumbani.

Ajabu, insha ilikuwa safi. Kila neno kamili, mwandiko umetulia. Mwalimu akaanza kumfurahia, hadi mstari wa mwisho alipokuta "Nkj". Mkono ukalizungushia duara kwa mazoea. Alama ikatoka, na kwa alama hiyo hiyo binti akawa ameanguka.

Akamwita ofisini.

"Mwanangu, umejikaza kote huko, halafu unakuja kuniharibia mlangoni? Hebu kaa, uliandike kwa kirefu, nikurudishie alama yako, yaishe."

Binti alishika kalamu lakini hakuandika.

"Ni ujumbe wa mama, mwalimu. Wa mwisho, kutoka wodini. Zamani alikuwa anaandika neno zima zima, nasubiri mpaka nachoka. Mimi ndiye niliyemfundisha kukata."

"Pole, mwanangu. Basi andika alichosema."

"Ndiyo sijui. Inaweza kuwa nakuja. Inaweza kuwa nikija, kuna kitu alitaka kuniambia, hakumaliza. Nimejaribu kuchagua, nimeshindwa."

Mwalimu alivua miwani akajifuta uso. Alitamani karatasi hii ingemwangukia mwalimu mwingine. Kisha akaivuta, akaweka alama za kunukuu pande zote mbili za lile duara.

"Maneno ya mtu hayasahihishwi," alisema, akarudisha alama.

Binti alishukuru, akafika mlangoni, akageuka.

"Mwalimu, wewe ulivyoiona tu, ulisoma ipi?"

"Nakuja," alijibu mwalimu upesi, akainamia karatasi nyingine asionekane macho, kwa sababu alikuwa amesoma nikija.