Hodi ya Alya

Nyumba ya Bi Fakhriya, pale Ibra, haina kengele. Si kwa ufukara, la. Marehemu mumewe aliwahi kununua moja yenye kamera, ikakaa kabatini mpaka ikashika vumbi. Mama yake Fakhriya, Bi Hajar, mzaliwa wa Malindi kule Unguja, alihamia Oman na masharti yake, na la kwanza lilikuwa hilo: mlango haubonyezwi, unabishwa hodi. Hodi tatu, aliye nje anaita, aliye ndani anakaribisha. Sharti la pili alikuwa akilisema kwa sauti ya chini hata mchana: ukisikia sauti unayoijua, na mwenyewe unajua hayupo, usiitike. Ukiitika umemfungulia, na hujui umemfungulia nani.

Bi Hajar akafa, masharti yakabaki. Fakhriya alisomesha jografia miaka mingi, akawafundisha watoto wa watu mvua zinakotoka, lakini sharti la pili hakuwahi kulivunja. Ukimwambia ni ushirikina, atacheka na kukumiminia kahawa. Sasa mtihani gani huu uliomfika mama wa watu, hodi ya marehemu mwanawe kuvuma dunia nzima?

Mwana mwenyewe ni Alya, wa pekee. Tangu yuko skuli alipagawa na waimbaji wawili wa Kijapani, Chinami na Ruriko, wanaojiita Amado. Mwenzangu, kupagawa hasa! Ukuta mzima picha zao. Kijapani alikiokota kwenye nyimbo zao, kidogo kidogo, mpaka akawa anamjibu mama yake kwa Kijapani ili asieleweke. Na habari zao alizisimulia kama za shangazi zake: walivyoanza kuimba nje ya stesheni ya treni mjini Osaka na sare zao za skuli, albamu ya kwanza ikasikilizwa na jamaa zao tu, halafu wimbo mmoja ukawekwa kwenye tamthilia ya televisheni, na kufumba na kufumbua wakawa wanajaza viwanja. Kisha wakagombana. Kila mmoja akashika njia yake, akaimba peke yake, na hakuna aliyesikiliza. Siku hizo Alya aliwalilia. "Wenyewe wamelala zao, weye unawalilia huku Ibra," mama yake alimwambia.

Wakapatana bwana. Wakakata shauri wimbo wa kurudi uwe wa kushirikiana na mtu asiye mwimbaji, kutoka mahala ambako hawajawahi kuimba. Wakaja kupiga video kwenye michanga ya Al Mintirib, katika kambi ile ile ya watalii alikokuwa Alya akitembeza wageni. Nani mwengine angewapokea? Alya aliwasalimu kwa Kijapani chake cha nyimbo, Ruriko akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa moja akawaleta Ibra kula biriani. Alifika mlangoni akaita kama kawaida, hodi, hodi, hodi, akakaribishwa, ndipo akaanza kuvua viatu. Na hivyo viatu vilikuwa balaa! Vya kazi, kamba ndefu mpaka juu ya kifundo, na Alya akivivua huku mlango wazi, vumbi linaingia, ubaridi wa kiyoyozi unatoka, na mama yake anafoka. "Funga mlango, mtoto weye!" "Bado navua viatu, mama!" Kila siku ya Mungu ilikuwa hivyo.

Chinami akauliza kwa nini nyumba haina kengele. Alya akamweleza. Wale wawili wakatazamana, wakasema wimbo wameupata.

Alya alirikodiwa kambini. Aliita hodi zake tatu, kisha akanyamaza. Wakamwomba ajijibu mwenyewe, akakataa katakata. Mtu hajibu hodi yake, aliwaambia. Anayejibu ni mama yangu, nitamleta. Wakaacha pengo katika muziki, la kumngoja mama. Hakumleta. Alfajiri moja alikuwa akienda kuwachukua wageni Sinaw, ngamia akakatiza mbele ya gari, na Alya hakurudi nyumbani.

Siku ya tatu ya msiba alikuja Abdullatif kutoka Nizwa, mdogo wake Fakhriya, mtu mpole na mcha Mungu. Alimshauri dada yake avifute vile vipande vya video vya Alya akiimba na kucheza, visije vikaendelea kutazamwa na mtoto yuko kaburini, vikamwandikia dhambi. Wengi ndivyo wanavyofanya siku hizi. Lakini Fakhriya siku hiyo hakuwa na akili zake. Alishika simu akafuta, akafuta, hofu ikimsukuma, na akafuta vyote: nyimbo, picha, hata ule ujumbe wa sauti wa "mama, nipitie mkate?" Alipomaliza ndipo alipojua alilolifanya. Sauti ya mwanawe haikumbakia hata ya kukohoa. Alipiga yowe ambalo siku ya maziko hakulipiga.

Miezi ikapita. Chinami na Ruriko wakampigia simu ya video, mkalimani pembeni yao, wote macho mekundu. Wimbo uko tayari, walisema. Mama akiukataa, hautoki. Akiukubali, nafasi yake ipo, na wanamwomba neno moja tu, aseme karibu. Wakampigia kile kipande cha hodi, wakakikata hapo hapo.

Fakhriya akamgeukia Abdullatif aliyekaa naye. Alitaraji atasema haramu, khalas, mambo yaishe. Abdullatif alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba chake. "Dada, mtoto anabisha hodi tu," akasema. "Kubisha hodi ni sunna. Mimi nitasema nini hapo?"

"Utoeni," Fakhriya akawaambia wale wawili. Kufuta alishafuta mara moja, hakuwa na roho ya kufuta tena. "Lakini miye siitiki."

Loo! Wimbo ukatoka na pengo lake, na watu wakiona pengo hawaliachi. Fakhriya alikwenda Nizwa kununua halwa, akazisikia kutoka ndani ya duka: hodi, hodi, hodi. Wasichana wawili waliokuwa wakingoja zamu wakaitika, "Karibuuu!" wakaangua kicheko. Aliiacha halwa juu ya meza akatoka. Alikwenda Sur kwenye harusi ya jamaa, akazikuta huko, gari zima la vijana madirisha wazi. Kila zikifika hodi tatu anaziba masikio, anakimbia. Kilicho mbele ya pale hakuwahi kukisikia. Na mwisho akaanza kuzisikia hata pasipo na simu wala gari. Mchana mweupe, nyumba kimya, utamkuta amesimama nyuma ya mlango, mkono umeshika kitasa, hafungui wala haondoki.

Aliyemkuta hivyo ni Kuruthum, binti wa Tanga anayemsaidia kazi za nyumbani, mdomo wake hauna breki. Alimwona, akarudi jikoni kwa kunyata.

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, Kuruthum alikuwa jikoni anachambua mchele, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Fakhriya akaingia kutaka maji. Lilikuwa onyesho la Amado huko kwao Osaka, ukumbi mkubwa, taa zimezimwa. Chinami na Ruriko walikuwa wamesimama hawaimbi, wameinamisha vichwa. Zikaja hodi tatu za Alya. Na ukumbi wote, maelfu ya watu, wakaitika kwa sauti moja: "Karibu!"

Fakhriya akaipiga simu kofi ikaanguka.

"Ebo! Simu yangu, Bi Fakhriya!"

"Wanamkaribisha," Fakhriya akasema. "Watu hawamjui mama wala baba, wanamkaribisha mwanangu. Miye niliyemzaa nimemwacha nje."

Ulikuwa wivu, na hakuona haya nao. Kuruthum akaiokota simu, akaipangusa kwa kanga. "Si wenyewe mliniambia sauti ya aliyekufa haiitikwi? Akija asiyekuwa yeye je?"

"Na akiwa ni yeye?"

Kuruthum akautafuta wimbo wenyewe kwenye simu. Alivaa ndara zake akatoka, akaiweka simu juu ya kizingiti upande wa nje, akaufunga mlango na kubaki huko huko. Fakhriya akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, kile anachokaa akimngoja Alya arudi kazini. Kanzu ilimganda mgongoni kwa jasho. Muziki ukaanza, kinanda kidogo, kisha wale wawili wakaimba Kijapani chao ambacho hakuelewa hata neno. Halafu vyote vikatulia.

"Hodi."

Alitaka kuziba masikio. Akaikalia mikono yake.

"Hodi."

Lau Bi Hajar angekuwa hai angemziba mdomo.

"Hodi!"

Kimya. Lile pengo.

"Karibu," Fakhriya akasema kwa sauti ya chini. Akasimama, akalisema tena kwa nguvu, mpaka nje Kuruthum akashtuka. "Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

"Nishakaribia, mama."

Yarabi! Jibu lilikuwamo wimboni. Alya alikuwa ameliacha mwenyewe, upande wa pili wa lile pengo, siku ile ile alipoita. Watoto wa Nizwa wanalijua, ukumbi mzima wa Osaka unalijua, mwenye kuambiwa ndiye asiyelijua. Fakhriya alikwenda mlangoni akilia, akaufungua wote.

Nje palikuwa na jua la alasiri, na simu kizingitini, bado inaimba, na Kuruthum ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Hapakuwa na mtu mwengine. Fakhriya akajibana ukutani, akaacha njia. Vumbi likawa linaingia, ubaridi unatoka. Kuruthum akaokota simu, akapita, na kwa mazoea akanyoosha mkono aufunge mlango.

"Wacha kwanza," Fakhriya akamwambia. "Bado anavua viatu."